Kitufe Chekundu: Historia Fupi ya Kurekodi Runinga, Kitale na Bungoma

Historia ya runinga Kenya huandikwa na wenye vituo. Nani alipewa masafa, nani alinyimwa leseni, nani alisoma habari na kwa sauti gani. Ya watazamaji haiandikwi sana, na ya wale waliotaka kubaki na kitu baada ya TV kuzimwa ndiyo karibu haipo. Nimeanza kuikusanya kwa sababu ya swali ninaloulizwa kazini. Naishi kwa kuandika, na kwa kuwa kuandika hakulipi kodi ya nyumba kila mwezi, naishi pia kwa kutengeneza kompyuta za watu kati ya Kitale na Bungoma. Swali lenyewe ni hili: niweke programu gani kwenye hii kompyuta ya mtumba ili inionyeshe TV na kunirekodia?

Swali linaonekana dogo. Unataja jina la programu, unaiweka, unalipwa, unaenda. Lakini ukilifuata nyuma unagundua limekuwa likiulizwa tangu TV ya kwanza ifike huku, ila vifaa vimekuwa vikibadilika: kumbukumbu ya mtu, kaseti, flashi, diski. Na kila mara nyuma yake kuna maswali mengine mawili. Nani anaamua nitazame saa ngapi? Na kilichosemwa kikishasemwa, nani anakitunza?

Saa moja jioni

Runinga ilianza Kenya 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mtambo wa kwanza ukiwa Limuru. Tarehe 1 Julai 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Jina la KBC likarudi 1989. Hadi KTN ilipoingia 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha TV, na hata KTN yenyewe ilianza kama kitu cha watu wa Nairobi. Huku kwetu tulisikia habari zake kabla ya kuziona picha zake.

Kuona picha ilikuwa kazi. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu kuliko nyumba. Mtoto mmoja anauzungusha mti nje, mwingine yuko dirishani, baba yuko kitini akitoa amri. "Hapo! Hapo hapo! Umepitisha, rudisha!" Ukikosea kidogo, skrini inajaa mchele. Wazee wa upande wa Malaba wananiambia kwamba antena ikielekezwa magharibi, jioni nyingine ilinasa UTV ya Uganda, na hapo unatazama habari za rais wa wengine.

Kijijini hakukuwa na stima. TV ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeupe na nyeusi, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, ikarudi, ikapimwa kwa uangalifu: habari, Vitimbi, basi. Ikianza kuishiwa, picha inasinyaa kutoka pembeni kuja katikati, hadi Mzee Ojwang' anabaki mwembamba kama kijiti. Wageni wanajua ni wakati wa kuaga.

Ninachotaka uone hapa ni saa. Habari za Kiswahili zilikuwa saa moja jioni, za Kiingereza saa tatu usiku. Ng'ombe walikamwa mapema, ugali ukapikwa mapema, ili saa moja ikute watu wameketi. Ukichelewa, umekosa. Hakukuwa na marudio ya kutegemea wala mahali pa kuulizia. Ulichobaki nacho ni mtu aliyeona. Kesho yake kisimani au kwenye foleni ya posho mili, aliyeona ndiye aliyesimulia, akiongeza chumvi yake, na kwa mwenye kusimuliwa hiyo ndiyo ikawa TV. Rekoda ya kwanza ya runinga Bungoma ilikuwa mdomo wa jirani.

Deki

Sony walileta Betamax 1975. JVC wakaleta VHS mwaka uliofuata. Vilikuwa vifaa viwili visivyosikizana, kaseti ya hiki haiingii kwa kile, na vita vyao vilimalizwa na wanunuzi: VHS ilishinda. Lakini vita vikubwa zaidi vilikuwa kortini. Studio za sinema za Marekani zilidai kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye ni mwizi, na aliyemuuzia mashine ni mshirika wake. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 17 Januari 1984 majaji waliamua, 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kwa ajili ya kutazama baadaye si kosa. Kura moja ingehama upande, huenda kitufe chekundu cha "Rec" kingefutwa kwenye rimoti za dunia nzima.

Huku kwetu deki ilifika bila kesi, na ilifika kwa wachache: mwenye duka la jumla, mwenye lori, mwalimu mkuu aliyechukua mkopo. Wengine tuliijua kupitia vidio, ile nyumba ya mabati yenye mabenchi na pazia jeusi, unalipa shilingi chache unatazama Rambo au Bruce Lee. Baadaye zilikuja sinema zenye mtangazaji juu yake. Nyingine zilivuka mpaka zikiwa na sauti ya Kiganda, nyingine zilikuwa za DJ Afro na Kiswahili chake cha mtaa. Watu walizipenda kwa sababu zilirudisha kile ambacho Great Wall ilianzisha: mtu anayekusimulia unachokitazama.

Kurekodi TV yenyewe kulikuwa nadra. Khocha wangu wa Bungoma ana sanduku la mbao lenye kaseti kama arobaini, na ni sanduku linaloeleza mambo mengi. Nyingi ni za familia: arusi, mazishi, na sherehe za tohara za Agosti. Wabukusu hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hiyo vibandiko vinaruka mwaka mmoja mmoja. Ndani ya hizo, humo katikati, kuna TV. Arusi inaisha, skrini inaruka, unakuta dakika 20 za habari za KBC, halafu nusu ya mechi, halafu mchele. Kaseti ya dakika 180 ilikuwa pesa. Nafasi iliyobaki haikuachwa ikae bure, na kilichoonekana hakina kazi kilirekodiwa juu. Kibandiko kimoja kimekatwa mara tatu, cha mwisho kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: USIFUTE.

"Khocha, hii ina nini?"

"Sijui tena. Lakini nilijua wakati ule."

Deki yake ilikufa zamani. Kaseti zimeota ukungu mweupe pembeni, na ukungu ukiingia kwenye utepe, ukiucheza unachubua picha na kuchafua mashine kwa pamoja. Kwa hiyo ana kumbukumbu ambayo hawezi kuifungua. Iko pale, ameitunza, na imefungwa.

Waliofuta na waliotunza

Usidhani ni umaskini wetu peke yake. BBC, shirika tajiri kuliko vituo vyote vya kwetu ukiviunganisha, lilifuta maelfu ya saa za vipindi vyake miaka ya 60 na 70 kwa sababu ileile ya khocha: kanda ni ghali, rekodi juu yake. Katika Doctor Who, mchezo wao maarufu, zaidi ya vipindi 90 bado havijulikani viliko. Sasa sikiza hili. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyokuwa vimepotea vimepatikana, na vilipatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha TV, kwenye rafu. London ilifuta, Jos ikasahau kurudisha, na kusahau huko ndiko kukaokoa.

Philadelphia kulikuwa na mama mmoja, Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi. Kuanzia 1979 alirekodi habari za TV mchana na usiku, deki kadhaa zikienda kwa pamoja, familia ikilazimika kukatiza chakula hotelini ili warudi kubadilisha kaseti. Aliendelea hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha kaseti kama 70,000. Wakati akiwa hai wengi walimwona ana kichaa fulani. Leo mzigo wake uko kwa Internet Archive, na ndani yake kuna siku ambazo baadhi ya vituo vyenyewe havikuzitunza.

Na Kitale hatuhitaji kwenda Philadelphia. Makumbusho yetu, pale kwenye barabara ya kutoka mjini, yalianza 1926 kama mkusanyiko binafsi wa mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa akikamata vipepeo, kukausha ndege na kuhifadhi vitabu. Alifariki 1966 na mzigo wake ukawa msingi wa makumbusho ya umma. Unaweza kuuliza maswali makali kuhusu mlowezi anayekusanya vitu vya watu, na uyaulize. Lakini somo moja linabaki: kumbukumbu nyingi za umma zilianza kama wazimu wa mtu mmoja aliyekataa kutupa.

Kompyuta iliyotupita

Mwaka 1999 Wamarekani waliuziwa TiVo, sanduku lenye diski ndani linalojua ratiba na kurekodi lenyewe. Mwaka 2002 mambo matatu yalitokea karibu pamoja. Microsoft walitoa Windows yenye Media Center, skrini nzuri ya bluu ya kuendesha kwa rimoti. Isaac Richards alianzisha MythTV, ya bure na ya Linux, kwa sababu hakuridhika na sanduku alilouziwa na kampuni yake ya kebo. Na vijana waliokuwa wakichokora Xbox waliandika programu ya kuchezea vidio ambayo baadaye iliitwa XBMC, na tangu 2014 inaitwa Kodi.

Miaka hiyo Wazungu walijadiliana kwa hasira: Media Center au MythTV? Sisi hatukuwa kwenye mjadala, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Programu hizo zote zilitegemea ratiba ya vipindi iliyoshushwa kwa intaneti, na ratiba ya KBC haikuwa kwenye orodha yao. Zilitegemea kompyuta inayowaka usiku kucha, na huku stima ilikuwa na tabia zake. Zilitegemea mawimbi safi, na sisi tulikuwa bado tunazungusha mti.

Kwa hiyo tulijenga kitu chetu. Ukiwa umekulia Kitale au Bungoma unakumbuka duka la muvi: kibanda chembamba, kompyuta moja yenye diski nyingi zilizoning'inia kama matumbo, spika mlangoni, orodha iliyochapishwa na kutiwa kwenye plastiki. Kwanza ilikuwa VCD, halafu DVD zenye sinema kumi kwenye sahani moja, halafu flashi. Unaingia na flashi ya giga 4, unatoka na msimu mzima wa Prison Break. Jamaa wa muvi ndiye aliyekuwa seva yetu. Alijua unapenda nini, alikuwekea kando mpya ikitoka, na alikuwa anafunga saa mbili usiku.

Lakini angalia alichokuwa nacho na ambacho hakuwa nacho. Alikuwa na Marekani yote, Korea yote na Nollywood yote. Hakuwa na habari za jana. Hakuwa na Vioja Mahakamani. Hakuwa na mahojiano ya mbunge wako. Mzee Ojwang' alipofariki Julai 2015, mimi na wenzangu tulienda kumtafuta YouTube, tukapata vipande. Mtu aliyetuchekesha sisi, wazazi wetu na majirani wa wazazi wetu, tukampata kwa dakika tatu tatu, zilizorushwa na watu waliokuwa na deki na bahati.

Mwaka wa giza na king'amuzi

Uhamaji wa kwenda dijitali ulianza rasmi Desemba 2009, serikali ilipozindua matangazo hayo kupitia Signet, kampuni tanzu ya KBC. Kwanza ulitumika mfumo wa DVB-T, kisha nchi ikahamia DVB-T2. Herufi hiyo moja na nambari yake inaendelea kuwatesa watu hadi leo, nitarudi kwake. Halafu vikaja vita vya kortini kati ya vyombo vya habari na serikali, kuhusu nani atabeba mawimbi ya nani. Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho Februari 2015, na katikati ya mwezi huo mitambo ya analogi ikazimwa. Webuye ilikuwa kwenye orodha ya awamu ya pili, pamoja na Kakamega, Kisumu na Eldoret. Citizen, NTV na KTN zilikaa gizani kama siku 19 hadi mapema Machi.

Nilikuwa shule ya bweni, kwa hiyo giza lile nililisikia kwa barua ya mdomo. Nilichokuta nyumbani likizoni ni sanduku dogo jeusi chini ya TV. King'amuzi. Na kwenye rimoti yake, chini kulia, kitufe chekundu.

Hapa ndipo historia inachekesha. Watu wengi huukumbuka uhamaji ule kama siku serikali ilipozima TV. Hawakumbuki kwamba siku hiyohiyo rekoda iliingia karibu kila nyumba. King'amuzi kingi cha bei ya chini kina tundu la USB. Unachomeka flashi, unabonyeza, kinarekodi. Deki iliyokuwa mali ya mwenye lori sasa iko kwa kila mtu, na wengi hawajawahi kuigusa.

Ina mipaka yake, lakini. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haibebi faili inayozidi giga 4, kwa hiyo rekodi ndefu hukatwa vipande au hugoma. Kwa kawaida kinarekodi chaneli unayotazama, si nyingine. Na ukiwa na king'amuzi cha kulipia, mara nyingi rekodi imefungwa kwa msimbo na hufunguka kwenye sanduku lilelile tu. Sanduku likifa, faili zako zinakuwa kaseti za khocha: unazo, huwezi kuzifungua. Ndipo watu wanakuja na kompyuta ya mtumba na swali lao.

Ile poa ni ipi?

Kwanza kifaa, maana programu bila kifaa ni hadithi. Unahitaji tuna ya USB inayosoma DVB-T2. Sokoni zimejaa zile za bei rahisi zenye chipu ya RTL2832U, na nyingi ni za DVB-T peke yake. Muuzaji anakuambia "ni dijitali, itashika." Ni dijitali kweli, na haitashika kitu hapa. Ona ile T2 kwa macho yako kabla ya kutoa pesa. Pia tuna hiyo itakupa chaneli zilizo wazi tu, zile za bure. Za kulipia zimefungwa, na programu hizi hazipo kwa ajili ya kuvunja kufuli.

Sasa programu. Media Center ya Microsoft imekufa: Windows 10 ilikuja 2015 bila hiyo, na huduma ya ratiba ikafungwa Januari 2020. Nikikutana nayo kwenye kompyuta ya mtu naitazama kama Great Wall, kwa heshima. Kodi ni nzuri machoni, ina menyu kubwa inayosomeka ukiwa kitini, lakini Kodi ni uso. Peke yake hairekodi TV. Inahitaji mtu wa jikoni, yaani programu nyingine inayoshika tuna na kuandika faili. MythTV inafanya yote mawili na imekomaa, ila ina hifadhidata nzima nyuma yake, na hifadhidata haipendi stima kukatika ghafla. Plex ni laini, lakini inataka akaunti yake ya mtandaoni, na kurekodi ni kwa wanaolipia. Jellyfin, iliyozaliwa Desemba 2018 baada ya Emby kufunga msimbo wake, ni ya bure kabisa na ni nzuri kwa kusambaza faili kwa simu zote za nyumbani, lakini haishiki tuna ya USB moja kwa moja. NextPVR ni ya bure pia, inakaa kwenye Windows, na mtu asiyetaka kusikia neno Linux anaielewa. Tvheadend ndiyo mtu wa jikoni: haina sura, unaiendesha kupitia kivinjari, inakaa kwenye Linux, na inatosheka na kompyuta dhaifu kwa sababu inaandika mawimbi jinsi yalivyo, bila kuyabadilisha.

Hilo la mwisho lina maana kubwa huku kwetu. Faili ya mawimbi ghafi, ile ya .ts, stima ikikatika katikati unabaki na yote yaliyoandikwa hadi dakika hiyo. Faili ya MP4 ya kawaida ikikatizwa kabla ya kufungwa vizuri, mara nyingi haifunguki kabisa. Programu nyingi zilibuniwa na watu ambao stima yao haikatiki. Ukichagua, jiulize kwanza itakuwaje ikikatika.

Nina wateja wawili ambao nikiwaweka pamoja somo linakuwa wazi. Mmoja yuko Bungoma, ana hoteli ndogo, na anachotaka ni tamthilia ya saa kumi na mbili unusu, saa ambayo wateja wake wa chai wanajaa na hawezi kuinua macho. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki maneno mengi. Nataka nikifika nyumbani, nikalishe miguu maji ya chumvi, nibonyeze, nione kilichotokea." Kwake niliweka NextPVR kwenye Windows aliyokuwa nayo, kipindi kimoja, Jumatatu hadi Ijumaa, ikifuta yenyewe baada ya wiki. Yeye hataki hifadhi. Anataka saa yake irudi mikononi mwake, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye siku yake yote ni ya wengine.

Mwingine ni mwalimu mstaafu wa Kitale, alifundisha historia. Yeye anataka habari, zote mbili, ya saa moja na ya saa tatu, na vikao vya bunge vikionyeshwa. Hataki kifutwe kitu. Kwake ni Linux, Tvheadend nyuma, Kodi mbele, diski ya nje, na betri ya akiba ya kuipa kompyuta dakika kumi za kujizima kwa adabu.

"Mwalimu, na hizi zote utazitazama lini?"

"Mimi? Sitazitazama. Ulifikiri nilifundisha vita vya dunia kwa sababu nilivitazama?"

Kwa nini ni muhimu

Mwalimu ana sababu, na sababu zenyewe zina tarehe. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokuwa akielekea kujiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliagiza virudishwe. NTV na KTN zilirudi tarehe 5 Februari, Citizen tarehe 8. Tarehe 25 Juni 2024 tuliona bunge likiingiwa, moja kwa moja, tukiwa sebuleni. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2025, vijana wakikumbuka waliouawa, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja yakome, na vituo vikubwa vikaondolewa hewani hadi korti ilipoingilia.

Utaniambia kuna YouTube. Ipo, na vituo vinaweka vipindi vyao pale, na Mungu awabariki. Lakini vidio ya YouTube iko kwa mwenye akaunti. Anaweza kuiondoa, kuikata, kuifunga, kwa sababu nzuri au kwa simu iliyopigwa saa tano usiku. Na kuitazama kunakula bando, wakati antena haili kitu. Faili iliyo kwenye diski ya mstaafu wa Kitale haipigiwi simu.

Utaniambia pia kwamba mawimbi yakizimwa, rekoda haina cha kurekodi. Ni kweli, na hapa ndipo napenda kuikumbuka Tvheadend kuliko programu zote. Mawimbi yakipotea inaandika kwenye kumbukumbu yake: chaneli fulani, saa fulani, dakika fulani, hakuna data. Yakirudi inaandika tena. Siku mtu atakaposema TV haikuzimwa, au ilizimwa kidogo tu, au ilikuwa hitilafu ya mitambo, kutakuwa na mstari wa maandishi kwenye kompyuta ya mtumba Trans Nzoia wenye saa na dakika. Mstari mmoja hauthibitishi mengi. Mistari kumi kutoka nyumba kumi, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, Kanduyi, hiyo ni historia.

Kuna mipaka ya heshima. Kurekodi kwa ajili ya kutazama kwako ni jambo moja. Kuchoma kipindi cha mtu na kukiuza sokoni ni lingine, na waigizaji wa Kenya wameibiwa vya kutosha. Tunza, usiuze.

Na hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Chaneli ikitumia megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ni kama megabaiti 900. Saa mbili za habari kila usiku, mwaka mzima, ni kama giga 657. Diski ya terabaiti 1 inameza mwaka wote na kubaki na nafasi ya tamthilia ya mama wa hoteli. Marion Stokes alihitaji nyumba kadhaa kwa kaseti zake. Wewe unahitaji kona ya rafu, mbali na jua na mbali na watoto.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukitaka kufunga mtambo wako, ufunge mapema, uujaribu stima ikikatika, uone kama faili inafunguka. Na ukiandika kibandiko, andika tarehe na kilichomo ndani. USIFUTE peke yake haitoshi.